Shajara ya mradi: kuyapa majina matumbawe ya kale kwenye mawe ya timbo, kutoka Kilifi hadi Kambe

Hali ilivyo sasa

Naandika hii ili mtu yeyote wa pwani anayetaka kufanya kazi kama hii asianze sifuri. Mradi ni kuyatambua na kuyapanga matumbawe yaliyomo ndani ya mawe ya timbo, yaleyale tunayojengea nyumba, kuta za mashamba, vyoo, misikiti, kila kitu. Kila kipande kipate picha, kipimo, tabaka kilipotoka, jina la familia, jina la jenasi (kundi la spishi za karibu), na spishi ikiwezekana, ambapo mara nyingi haiwezekani na nitaeleza kwa nini. Pwani yetu imejengwa kwa mwamba huu tangu enzi, Gede ni huo, Jumba la Mtwana ni huo, Fort Jesus iliyoanza kujengwa 1593 imekaa juu ya mwamba huohuo na handaki lake limechongwa ndani yake, lakini ukimuuliza mtu hilo jiwe la ukutani kwake ni tumbawe gani atakwambia ni jiwe tu. Mie naona hiyo ni hasara kubwa manake majina yapo, wanyama wenyewe wapo pale wanaonekana kwa macho, kinachotakiwa ni kuangalia kwa utaratibu.

Mwamba wa ufuoni ni wa Plaistosini, zama za barafu zilizotangulia zama zetu. Sehemu kubwa ya ule unaoonekana juu ya maji ni wa kama miaka 125,000 iliyopita, wakati barafu ya dunia ilikuwa imepungua na bahari ilikuwa juu kuliko leo kwa mita 6 hadi 9 hivi. Ndo maana unasimama barabarani, bahari iko chini kabisa kule, na chini ya miguu yako kuna tumbawe lililoota majini.

Sai kabati limejaa vipande vidogo, jedwali liko kwenye laptopu, na kundi la Plaistosini limeshaeleweka kwa kiwango cha jenasi. Kundi la Kambe, lile la chokaa ya kale zaidi, ndo limenibana, nitafika huko.

Timboni

Timbo ninaloenda liko kati ya Mtwapa na Kilifi, jina siliweki, mwenyewe karuhusu kwa roho safi. Utaratibu wetu ni huu: sichimbi, sigusi ukuta wa mwamba, nachukua vipande vilivyovunjika ambavyo hata hivyo vingeenda kujaziwa mashimo ya barabara, na kikitokea kitu cha ajabu kinaripotiwa makumbusho. Kenya tuna Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya 2006, visukuku (mabaki ya viumbe vya kale yaliyomo mweneo wa jiwe) si mali ya kubebwa tu ukaweka sebuleni au ukamuuzia mtalii. Na kwenye mbuga za baharini kama Watamu na Malindi, ambazo zipo tangu 1968, huokoti chochote, hata kipande kilichokufa jana. Kule ni macho na kamera.

Kabla ya kuokota kitu naangalia ukuta wa timbo mzima kutoka juu hadi chini, na hapa ndo watu wengi wanaruka. Mwamba hauko sawa kila mahali. Kuna sehemu ni mchanga wa baharini ulioshikana, wenye vipande vidogo vya magamba na mwani, hapo palikuwa na maji tulivu nyuma ya mwamba wenyewe, matumbawe machache. Halafu unasogea hatua kadhaa unakuta matumbawe yamesongamana, mengine yamesimama kama yalivyoota, mengine yamepinduka. La kuota mahali pake na la kubingirishwa na mawimbi ni habari mbili tofauti kabisa, kwa hiyo kwenye jedwali nina safu ya kusema limesimama, limelala au limepinduka. Matawi ya Acropora, jenasi ya tumbawe la matawi, yaliyokatikakatika na kurundikana yanakwambia maji yalikuwa na nguvu pale. Porites, jenasi nyingine ya tumbawe, ikiwa kubwa na juu bapa na pembeni imenenepa inakwambia kitu kizuri zaidi: ilifika kimo cha maji kutoa, juu ikafa kwa jua, ikaendelea kukua kwa pembeni tu. Yaani hilo jiwe moja limeweka alama ya maji kupwa ya zama zile.

Mzee anayeendesha mashine ya kukata sasa ananijua. Nikifika, shikamoo baba, marahaba mwalimu, kisha ananionyesha alichoweka kando. "Mwalimu, leo limetoka la ubongo, nikaambia vijana wasilipige nyundo." La ubongo kwao ni lolote lenye mabonde yanayojipinda juu yake. Jicho lake ni zuri sana, yeye anatofautisha la ubongo, la nyota na la vijiti hata kabla vumbi halijaoshwa, na mgawanyo wake huo unakaribia sana unaotumika vitabuni kama hatua ya kwanza.

Pia tulipata kombe kubwa la Tridacna limekaa wima katikati ya matumbawe, kingo zake za mawimbi zinaonekana safi. Hatukulitoa. Limepigwa picha likiwa mahali pake na rula pembeni.

Kikombe kwanza, umbo baadaye

Hili ndo jambo kubwa la mradi wote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Mtu akiona tumbawe anaangalia umbo la nje, duara, tawi, sahani, na anataka kulipa jina kwa hilo. Umbo la nje linadanganya, manake jenasi moja inaweza kuwa duara kwenye maji makali na sahani kwenye maji ya kina yenye mwanga hafifu. Porites inakuwa mlima, inakuwa matawi, inakuwa ganda jembamba juu ya jiwe. Kinachoshikilia jina ni kikombe, yaani kile kijumba kidogo alichokaa mnyama mmoja, na kuta zake, na septa, zile bamba nyembamba zinazoingia kutoka ukutani kuelekea katikati. Kwa hiyo mswaki, maji, lenzi ya mkono inayokuza mara kumi, taa ya simu ikimulika kutoka ubavuni ili vivuli vionekane, halafu maswali.

Swali la kwanza kabisa: vikombe vinashirikiana ukuta au kila kimoja kina ukuta wake? Fikiria Mji wa Kale Mombasa, nyumba mbili zinashirikiana ukuta mmoja, na kwingine kila nyumba ina ukuta wake na kichochoro katikati. Tumbawe ni hivyohivyo. Ukuta wa kushirikiana, vikombe vya pembe pembe vimebanana, unaelekea Favites au Goniastrea. Kila kimoja na ukuta wake na kichochoro katikati, unaelekea Dipsastraea, Cyphastrea, Echinopora na wenzao. Vikombe vimeungana vikawa mabonde marefu, hapo ni Platygyra au Leptoria, lile la ubongo la mzee.

Baada ya hapo unaingia ndani. Favites na Goniastrea zinafanana sana kwa mbali, lakini Goniastrea ina vinundu vilivyopangika kuzunguka katikati ya kikombe, mwisho wa kila septa kubwa, vinaunda taji dogo linaloonekana hata kwenye kisukuku kama hakijalika sana. Platygyra na Leptoria unazitenganisha kwa kuangalia chini ya bonde: Leptoria ina bamba limesimama katikati ya bonde na septa zake ni sawasawa, zimepangwa kwa nafasi moja utadhani mtu kapima, Platygyra katikati yake ni sponji sponji tu na septa zake hazina mpangilio wa hivyo. Hydnophora ndo rahisi kuliko zote, kuta zimekatikakatika zikabaki vilima vidogo vilivyochongoka vimetapakaa juu ya jiwe lote. Galaxea vikombe vyake ni mirija iliyosimama peke yake na septa zimechomoza juu ya ukuta, ukipitisha kidole inakukwaruza hata baada ya maelfu ya miaka yote hiyo. Acropora unatafuta ncha ya tawi, kuna kikombe kimoja cha mbele kabisa na vingine vidogo vimezunguka ubavuni, hakuna mwingine anayejenga tawi kwa namna hiyo.

Porites nataka niielezee zaidi kwa sababu ni nyingi mno na watu wanaipita. Vikombe vyake ni vidogo, milimita moja au moja na nusu hivi, kwa jicho tupu unaona kama kitambaa chenye matundu. Chini ya lenzi nzuri unahesabu septa 12, na mpangilio wake una utaratibu: moja peke yake upande mmoja, jozi nne ubavuni, na tatu upande wa pili. Hizo tatu za upande wa pili zikiwa zimeungana au zimeachana ndo mojawapo ya alama za kutenganisha spishi. Sasa tumbawe lililokaa kwenye mvua za miaka 125,000, septa zenyewe zimelainika, utasema zimeungana au zimeachana? Husemi. Unaandika Porites sp., yaani spishi haijulikani, na unashukuru. Ukikuta septa 24 na kikombe kikubwa cha milimita tatu, nne au zaidi, hiyo si Porites tena ni Goniopora, jamaa yake wa familia moja.

Kwa hiyo jedwali langu lina ngazi. Alama zote zinaonekana, naandika jenasi na spishi. Alama zinakaribia lakini moja haionekani, naweka cf., yaani "linganisha na", kabla ya jina la spishi. Kikombe kimelika, jenasi tu. Ukuta unaonekana lakini ndani hakuna kitu, familia tu. Jina fupi lenye uhakika lina thamani kuliko jina refu la kubahatisha, manake mtu mwingine atakuja kutumia orodha hii kulinganisha na mwamba wa leo na akikuta spishi zimejazwa tu atahitimisha mambo ambayo hayapo.

Mashimo

Baadhi ya mawe hayana tumbawe ndani, yana nafasi ya tumbawe. Mifupa ya matumbawe imejengwa kwa aragonaiti, madini ambayo maji ya mvua yanayayeyusha kwa urahisi kuliko kalisaiti, na mwamba uliokaa juu ya usawa wa bahari maelfu ya miaka umepitiwa na maji ya mvua bila mapumziko. Tumbawe linayeyuka, matope magumu yaliyolizunguka yanabaki. Unachokiona ni kinyume: palipokuwa na ukuta pana mfereji, palipokuwa na kikombe pana kidole cha jiwe kimesimama, palipokuwa na septa pana mikwaruzo ya kuingia ndani.

Mafundi wanayatupa haya, kwa macho ya kawaida ni jiwe bovu lenye matundu. Kwangu mie yamekuwa hazina, kwa sababu mara nyingine matope yalishika umbo vizuri kuliko tumbawe lenyewe lingebaki. Nachukua plastasini ya watoto wa shule, naipaka mafuta kidogo sana, naikandamiza polepole ndani ya shimo, naivuta moja kwa moja bila kuzungusha. Kinachotoka ni tumbawe lenyewe, chanya, na septa zake. Kipande kimoja kilichokuwa kimeandikwa familia tu kwenye jedwali kilitoa taji la vinundu safi kabisa kwenye plastasini, Goniastrea bila ubishi. Kwa shimo lenye kona za ndani plastasini inakatika, hapo natumia silikoni ya madirishani, inachukua muda kukauka lakini inakunja na kutoka bila kuvunja kitu.

Jambo lingine linalochanganya ni watoboaji. Jiwe la Porites unaweza kulikuta na vishimo virefu vya mviringo, na ndani ya baadhi kuna gamba la chaza mtoboaji, Lithophaga, bado limekaa mlemle alimofia. Hivyo si vikombe. Kikombe kina septa, shimo la mtoboaji lina kuta laini.

Majina ya zamani na ya sasa

Ukisoma orodha za matumbawe ya pwani yetu za miaka ya nyuma utakuta Favia kila mahali. Leo Favia ni jina la matumbawe ya Atlantiki, yale ya Bahari ya Hindi na Pasifiki yakahamishiwa Dipsastraea, na familia nzima iliyokuwa inaitwa Faviidae kwa upande wetu ikaingizwa Merulinidae. Hiyo ni kazi iliyotoka 2012 baada ya vinasaba kuonyesha kwamba matumbawe ya Atlantiki na ya kwetu yaliyofanana sura hayana undugu wa karibu kama ilivyodhaniwa. Fungia nayo, yale ya mviringo yasiyoshikana na mwamba, imegawanywa jenasi kadhaa.

Kisukuku hakina vinasaba, sisi tunasoma mifupa tu. Habari njema ni kwamba baada ya vinasaba kupanga upya, watafiti walirudi kwenye mifupa wakakuta alama ndogo zinazokubaliana na mpango mpya, kama meno ya ukingoni mwa septa na namna ukuta ulivyojengwa. Kwa hiyo jedwali langu lina safu mbili, jina lililotumika zamani na jina la sasa, ili mtu anayesoma kazi za kina J. A. Crame, aliyechunguza miamba ya Plaistosini ya Kenya na kuchapisha mwanzoni mwa miaka ya 1980, aweze kulinganisha moja kwa moja. Kazi ile ilionyesha kwamba jamii za matumbawe zinabadilika tabaka kwa tabaka ndani ya mwamba huu, na ndo sababu nasisitiza tabaka liandikwe kabla ya jina.

Kemia

Rafiki yangu anayefundisha kemia alinisaidia kupima kama mifupa bado ni aragonaiti. Njia ni ya zamani na nyepesi: unasaga unga kidogo, unauchemsha kwenye maji yenye kobalti nitrati, unausuuza. Aragonaiti inageuka zambarau, kalisaiti inabaki nyeupe. Kobalti ni sumu, kwa hiyo glavu, dirisha wazi, na maji yake hayamwagwi kwenye sinki. Vipande kadhaa vya Porites kutoka sehemu ya chini, palipo na kivuli cha tabaka gumu, vilitoka zambarau nzuri. Vya juu vingi vimebaki vyeupe.

Hii ina maana kwa anayetaka umri. Umri wa matumbawe kama haya unapimwa kwa urani na thori: tumbawe hai linanyonya urani ya maji ya bahari na karibu halina thori, kisha urani inaoza taratibu na kuzaa thori, unapima uwiano. Njia inafika mpaka miaka laki tano hivi au zaidi kidogo. Lakini aragonaiti ikishageuka kalisaiti saa hiyo ya urani na thori imeharibika, urani imeingia na kutoka, jibu halina maana. Mie sina mashine hiyo, ninachofanya ni kutenga vipande vya zambarau kwenye mifuko yake, vikavu, na lebo, ili siku chuo fulani kikitaka kupima visianze kutafutwa.

Porites hizo nzuri zina faida nyingine. Ukizikata bamba na kuzipiga eksirei unaona tabaka za kila mwaka, sentimita moja hivi kwa mwaka. Porites hai ya Malindi ilitumika kwa njia hiyo kusoma joto la bahari karibu karne mbili nyuma, kazi iliyochapishwa mwaka 2000. Ya kale inaweza kusomwa vilevile ikiwa haijageuka.

Jiwe la Michigan

Binamu yangu anaishi Michigan, Marekani, akanitumia jiwe lililosuguliwa, kule linaitwa Petoskey na tangu 1965 ndo jiwe rasmi la jimbo lao. Naliweka kwenye shajara hii kwa sababu limenisaidia kueleza jambo kwa vijana wanaonisaidia. Nililiweka mezani pembeni ya Favites ya timboni. Vikombe vya pembe sita vimebanana, kuta za kushirikiana, septa zinaingia katikati. Kila kijana alisema ni moja.

Si moja, wala si ndugu wa karibu. La Michigan ni Hexagonaria, la kipindi cha Devoni, zaidi ya miaka milioni 380. Ni kundi la Rugosa. Rugosa walijenga kwa kalisaiti, na septa zao mpya ziliongezwa kwenye robo nne za kikombe. Matumbawe magumu ya leo, Skleraktinia, yanajenga kwa aragonaiti na yanaongeza septa kwa mizunguko ya sita. Rugosa na wenzao Tabulata, wenye vikombe vidogo vilivyokatwa na sakafu nyingi za mlalo na septa hafifu au hakuna kabisa, walipotea wote kwenye maangamizi ya mwisho wa Permi, miaka milioni 252 iliyopita. Skleraktinia wanaonekana kwenye miamba ya baada ya hapo, kama miaka milioni 240. Kwa hiyo kikombe cha pembe sita kilibuniwa mara mbili, na watu tofauti.

Ukitazama kwa lenzi tofauti iko: kwenye Hexagonaria septa ndefu na fupi zinapishana kwa zamu, na pembeni ya kikombe kuna upana wa vibamba vidogo vilivyopinda. Kuhesabu sita kwenye Favites usijaribu, vikombe vyake vinazaliwa kwa kugawanyika na hesabu ya sita inavurugika. Ndo maana nasema tabaka kwanza. Ukijua jiwe ni la Plaistosini, maswali ya Rugosa hayaingii mlangoni.

Na la Devoni lina habari yake. John Wells mwaka 1963 alihesabu mistari myembamba ya ukuaji wa kila siku kwenye matumbawe ya kipindi hicho, akapata kama 400 ndani ya mwaka mmoja, kukubaliana na hesabu za wanafalaki kwamba dunia ilikuwa inazunguka haraka zaidi na siku zilikuwa fupi. Nikiwasimulia vijana hili wanaomba lenzi wenyewe.

Kambe

Ukitoka Mombasa kuelekea Mariakani unapita kwenye miamba inayozeeka kadri unavyopanda. Ufuoni matumbawe ya Plaistosini, kisha Changamwe na Miritini tope gumu la Jurasiki lenye amonaiti (jamaa wa kale wa ngisi, wenye gamba la kujizungusha), kisha ukanda wa chokaa ya Kambe, kisha Mazeras kwenye jiwe la mchanga lenye miti iliyogeuka jiwe. Matumbawe ya kale zaidi tuliyonayo pwani yako kwenye hiyo chokaa ya Kambe, Jurasiki ya kati, karibu miaka milioni 170. Wakati huo Bara Hindi na Madagaska zilikuwa bado zimeshikana nasi na bahari ndo kwanza inaingia.

Ukanda huu unapita kwenye kaya, Kaya Kambe na Kaya Jibana, misitu mitakatifu ya Wamijikenda ambayo tangu 2008 kadhaa kati yake ziko kwenye orodha ya Turathi za Dunia. Ndani ya kaya hatuokoti jiwe. Tulikaa na wazee kwanza, tukaeleza tunachotafuta, wakatuelekeza mahali nje ya msitu ambapo barabara imekata mwamba. Mzee mmoja akasema mawe hayo yalikuwa baharini, wao wanajua hivyo kwa sababu yana "vitu vya baharini". Kabisa.

Kazi ya hapa ni ngumu kuliko ya timboni. Jiwe limekaa hadi aragonaiti yote imeshakuwa kalisaiti, matumbawe na matope yamekuwa rangi moja ya kijivu, kikombe hakichomozi. Ukiosha huoni kitu. Sehemu nyingine ni vipunje vya duara vya chokaa vimejaa, hakuna tumbawe hata moja. Ukikuta doa lenye mistari mistari unakata.

Njia tunayotumia ni ya filamu. Unasugua uso uliokatwa kwa msasa wa maji, 400, 600, kisha 1000, juu ya kioo ili usipinde. Unaosha vizuri. Unamimina asidi ya haidrokloriki iliyochanganywa maji mengi kwa sekunde chache tu, inapovu, unasuuza, usiguse kwa kidole. Jiwe likikauka unamwaga asetoni na haraka unalaza karatasi ya asetati juu yake, unaiacha, kisha unaivua. Filamu imechukua ramani ya uso wote, hata punje moja moja, unaiweka kati ya vioo viwili na kuitazama kwa hadubini ya shule. Karatasi angalia sana, nyingi za plastiki zinazouzwa madukani kwa projekta ni poliesta na asetoni haizigusi, dondoshea tone la asetoni pembeni kwanza, ikilainika ni asetati. Asetoni ya kutoa rangi ya kucha nyingi ina mafuta na inaacha ukungu, tafuta iliyo safi.

Filamu ya kipande cha mwisho ilitoka vizuri sana. Vikombe vinaonekana, kama milimita tano upana, ukuta wa pembe pembe wa kushirikiana, septa nyingi nyembamba zinafika karibu na katikati. Hiyo inaelekea Isastrea, jenasi ya kawaida ya Jurasiki. Kipande kingine vikombe havina ukuta kabisa, septa za kikombe kimoja zinapita moja kwa moja na kuingia kwa jirani, huo ni mtindo wa Thamnasteria. Vyote viwili nimeviandika kwa alama ya kulinganisha tu, kwa sababu ukingo wa septa, meno yake, haujabaki.

Wa kulinganisha naye yupo. J. W. Gregory, yuleyule mjiolojia aliyelipa Bonde la Ufa umaarufu wake, alikuwa mtaalamu wa matumbawe na mwaka 1900 alichapisha kazi juu ya matumbawe ya Jurasiki ya Kutch, magharibi ya India. Ukiweka bara kama lilivyokuwa zama zile Kutch si mbali na sisi. Halafu 1930 zikatoka ripoti za visukuku alivyokusanya Bi. McKinnon Wood hapa pwani ya Kenya. Michoro ya zamani ni mizuri, kila septa imechorwa kwa mkono, lakini wakati ule walitoa jina jipya kwa kila tofauti ndogo, kwa hiyo ninasoma michoro kwanza na majina baadaye.

Yanayofuata

Vipande viwili vya Kambe vinahitaji kukatwa bamba jembamba la milimita 0.03 ili mwanga upite, filamu imefika mwisho wake. Kuna fundi wa maabara aliyekubali kukata, nalipia vioo mwenyewe. Kila kipande kitakatwa mara mbili, kukingama kwa vikombe na kwa urefu, kwa sababu sakafu za ndani na vibamba vya pembeni huvioni ukikata upande mmoja tu.

Timboni mashine imesogea upande wa kaskazini na ukuta mpya una Acropora nyingi zilizosimama, kitu ambacho ukuta wa zamani haukuwa nacho. Mzee kasema Jumamosi watasimamisha mashine asubuhi ili tupige picha ukuta wote kutoka mwanzo hadi mwisho kabla haujakatwa. Vijana watakuja na rula ndefu na chaki, kila mita moja alama. Siku za bamvua maji yakitoa tutashuka ufuoni kupiga picha vikombe vya matumbawe ya leo, kwa kipimo kilekile na mwanga uleule wa ubavuni, ili kila jenasi kwenye jedwali iwe na picha mbili, ya hai na ya kale. Goniopora na Leptoria za leo bado sina picha zake, naanza na hizo.